Nilivyomsifia Kiungo Sadaka Ukweni

Wanaume wengine hukataliwa ukweni kwa kukosa kazi. Mimi kazi ninayo, sinywi, swala sikosi. Nimekataliwa kwa sababu ya kiungo wa Zabibu Stars.

Tulia nikusimulie.

Zabibu Stars ndiyo timu yetu ya Makutupora. Tuna mabeki wanne wanaompisha mshambuliaji kama mgeni wa heshima. Mbele yao yupo namba kumi, kiungo ambaye jina lake halisi wengi hatulijui; mashabiki tunamwita Sadaka, maana mipira yote anawagawia wapinzani.

Tukifungwa, mimi hurekodi sauti kwenye grupu la WhatsApp la mashabiki. Siku tuliyopigwa nne na timu ya Kongwa, nilisema: "Sadaka miguu yote miwili kaazima, na mwenye miguu anaidai!" Watu walicheka wiki nzima.

Basi, mwezi wa nane nikaenda Kondoa na mjomba wangu, kujitambulisha kwa wazazi wa Ikram. Miaka miwili nampenda yule binti. Nilichojua kuhusu kaka yake Khalidi ni kwamba anafanya kazi kwenye shamba la zabibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, karibuni."

Nikakaa. Nikainua macho ukutani.

Picha kubwa. Jezi ya zambarau. Namba kumi.

Sadaka!

Jasho likanitoka hadi mjomba akaninong'oneza, "Unaumwa?"

Mzee Bashiri, baba yake Ikram, akaona ninakoangalia. "Huyo ndiye Khalidi wangu. Mpira unafuatilia?"

"Kidogo tu, mzee."

"Unamwonaje?"

Nikamfikiria Ikram, aliyetuandalia pilau na kurudi jikoni kwa mama yake. Nikaogopa kumkosa.

"Mzee, yule ni fundi. Anaona pasi ambazo wenzake hawazioni."

"Na ile mechi ya Kongwa?"

"Alicheza vizuri mno. Bahati tu haikuwepo."

Mzee akaacha pilau, akanawa mikono taratibu.

"Mimi nimo kwenye grupu lenu," akasema. "Siandiki, nasikiliza. Sauti yako niliijua ulipopiga hodi."

Mjomba akainamia sahani yake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Ile sauti ya Kongwa, hata mama yake Khalidi alicheka. Nikamwambia, kijana anayesema wazi namna hii ndiye angefaa kuoa hapa. Leo umekuja mwenyewe, nimekuuliza mara mbili, mara zote mbili umenidanganya."

"Baba, niliogopa kukuudhi."

"Hata mabeki wenu wanaogopa. Ndiyo maana mnafungwa."

Posa ikafia hapo.

Ikram akanisindikiza hadi barabarani. Macho yamemvimba. Nikamwambia, "Nisamehe, nilifanya kwa ajili yako."

"Nimekuelewa," akasema. "Ila nikuulize. Siku zote unaniambia mimi ni mzuri, napika vizuri, nina akili. Hayo nayo unayasema kwa kuogopa kuniudhi?"

"Hapana! Hayo ni kweli tupu!"

Akageuka kurudi nyumbani.

"Sasa nitajuaje?"

 

Ndugu zangu, mkienda kwa watu kutafuta mke, msiwape maneno mnayodhani wanayataka. Uongo wangu ulikuwa wa kumsifia kiungo tu, na ulitosha kuharibu kweli zangu zote.

Jumapili tumefungwa tena, tatu bila. Grupu zima linanidai sauti. Nimerekodi mara tano, nikafuta zote kwa woga. Mzee bado anasikiliza, na Sadaka, kusema kweli, alicheza hovyo.