Mgeni Aliyekataa Maji ya Bibi

Mwaka juzi, ndani ya wiki moja, duka letu la vitambaa hapa Bagamoyo lilitembelewa na wana wawili wa kifalme waliokuwa wakigombea kiti ambacho hakipo. Sitanii. Ufalme wenyewe ulikuwa Kathiawar, India, wa vijiji vya kuhesabika, na serikali ya kule ilishafuta vyeo hivyo zamani. Lakini kasri lilibaki, na kilemba cha mkuu wa ukoo kilibaki, na hivyo viwili viliwatosha kuburutana mahakamani.

Aliyewaleta kwetu, bila kutaka, ni bibi yangu mzaa baba. Alizaliwa kwenye kasri lile. Akiwa na miaka kumi na tisa alimpenda kijana wa dukani kutoka Bagamoyo, aliyekwenda kule kuwatembelea jamaa zake, wakatoroka wakapanda meli. Baba yake aliposikia alioga kama mtu aliyetoka kuchoma maiti ya mwanawe, kisha akaagiza jina la binti lifutwe kwenye kitabu cha ukoo. Bibi akakaa hapa miaka sitini anapima vitambaa kwa mita, na hakuna hata mmoja wa kwao aliyemwandikia barua.

Kisha kaka yake, mkuu wa mwisho wa ukoo, akafariki. Mke alikuwa amemtangulia, na mtoto hawakujaliwa. Waliobaki kugombana ni watoto wa kaka zake wengine wawili, marehemu nao. Mawakili walipofunua sheria wakakuta jambo lililowatoa jasho: dada aliye hai anawatangulia watoto wa kaka. Na dada aliye hai alikuwa mmoja tu, yupo Bagamoyo, anakata kitambaa cha sare za shule.

Kila upande ukataka bibi asaini karatasi ya kuwaachia haki yake, kama dada wa kule wanavyowafanyia kaka zao. Mimi nilikuwa sishikiki! Nilizunguka duka zima nikiwa na mita shingoni, nikamwambia, "Bibi, kumbe wewe ni malkia na unanituma mimi sokoni!"

"Acha wazimu," akasema. "Kasri nilifanyie nini na magoti haya? Nataka mmoja wao aseme mimi ni binti wa nyumba ile. Basi."

Wa kwanza kuja alikuwa mkubwa wao, mtu wa tabasamu na manukato. Alimkumbatia bibi mlangoni, akamwita foi, yaani shangazi, kila baada ya maneno matatu. Alikula bajia, akala kachori, akanywa chai ya maziwa vikombe vitatu, akalamba vidole. Nikampenda palepale. Pwani hii mtu akila kwako kwa raha kiasi kile unamhesabu ndugu. Akatoa karatasi na kalamu ya dhahabu. Bibi akamwambia atafikiri, naye akarudi hotelini akiwa na uhakika wote duniani. Nilipomuuliza bibi kwa nini hakufurahi, alikunja kitambaa tu.

Siku ya pili yake akaja mdogo. Alipiga simu akiwa njiani, Mapinga, gari limekwama kwenye foleni, na alipofika saa saba mchana shati lilikuwa limemganda mgongoni. Nikamletea maji ya baridi kwenye sinia. Akaunganisha viganja kunisalimia, akayakataa. Nikaleta dafu, akakataa. Chai, akakataa. Akatoa chupa yake mfukoni, ikawa tupu, akairudisha.

Nina hasira za karibu, nakiri. Damu ilinichemka. Hapa kwetu hata mtu aliyekuja kukudai huonja maji yako kwanza. Nikamwambia kwa Kigujarati changu cha dukani, "Bwana, maji ya Bagamoyo yana sumu? Au mikono yetu ndiyo michafu, kwa kuwa sisi ni wauza vitambaa?"

Akainamisha kichwa, masikio yamemwiva. Nikageuka kumwangalia bibi anisaidie kumtoa nje, nikakuta machozi yanamtiririka. Roho ikanipasuka. Nikasema leo mtu huyu atanijua!

"Kaa chini," bibi akaniambia. "Hebu na aseme mwenyewe kwa nini hanywi."

Yule bwana akamgeukia bibi. "Foi," akasema, "baba yangu alitufundisha kwamba kwa binti wa nyumba yetu, akishaolewa, hatuli wala hatunywi. Tumeshamtoa zawadi kwa nyumba nyingine. Tukila chake ni kama tunamnyang'anya."

Nikabaki na sinia mkononi, aibu tupu. Mimi mtoto wa Bagamoyo ningejulia wapi? Bibi alijua tangu jana. Yule mkubwa aliyejaza tumbo alikula kama anayekula kwa mtu baki. Huyu mwenye kiu ndiye aliyekuja kwa shangazi yake, na hakuwa amepanga kusema hivyo, lilimponyoka tu kwa malezi.

Bibi akafuta uso kwa ncha ya sari. "Hayo uliyoyasema, utayaandika?"

Alielewa haraka, na mimi nikaelewa nyuma yake. Akiandika kwamba bibi ni binti wa nyumba ile, basi bibi yuko mbele yake, na kesi yake imekufa kwa mkono wake mwenyewe.

"Nikiandika, foi, nimepoteza kasri."

"Najua, mwanangu."

Kisha akaomba karatasi. Nikampasulia ukurasa wa daftari la oda, akaandika kwa Kigujarati, polepole, jasho likidondokea meza, akaweka saini na tarehe. Bibi akasoma mara mbili, midomo ikitembea, akaikunja akaitia kifuani.

Akavuta karatasi ya kuachia haki aliyokuja nayo yule bwana, nikadhani sasa anasaini. Nikaropoka kwa Kiswahili ili mgeni asielewe, "Bibi, usisaini! Kasri ni lako sasa!"

"Nani kakwambia nasaini?" akanijibu. "Miaka sitini nimekuwa maiti kwao. Maiti hasaini. Leo nimefufuka, na mtu aliye hai haachi chake kabla hajakitazama." Akamgeukia yule bwana, akamwambia maneno hayo hayo kwa lugha yao. Yule bwana, koo limemkauka, akacheka kwa mara ya kwanza, akainama akamshika bibi miguu kwa heshima.

Kesho yake asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye foleni ya uhamiaji, bibi amevaa sari ya harusi ya mama yangu na viatu vyangu vya raba. Kijana wa dirishani akamwamkia shikamoo, akapitia fomu ya pasipoti, akaona tumesahau mstari mmoja.

"Bibi, hapa hukujaza sababu ya safari. Ni matibabu, au matembezi?"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa nianze kumweleza habari ya mawakili. Bibi akanisukuma pembeni kwa kiwiko, akashika chuma cha dirisha kwa mikono miwili.

"Andika," akamwambia, "naenda kwetu."