Jirani wa Bibi

Bibi yangu ni mtu wa Siyu, na kwao mgonjwa akiulizwa hali hujibu alhamdulillah hata kama roho iko kooni. Mimi husema malaika wa kaburini wakija na maswali yao, atawajibu kwanza kuwa yeye mzima, je, wao nyumbani hawajambo? Mama hunipiga kofi nikisema hivyo. Bibi hucheka.

Siku tuliyompeleka hospitali Lamu alikuwa amekonda, buibui lake utadhani limetundikwa msumarini. Baba alimshika mkono, mimi nikabeba chupa ya chai. Muuguzi, mwanamke wa makamo, akachukua kalamu.

"Shikamoo, bi mkubwa. Waumwa na nini?"

"Alhamdulillah."

"Wapata maumivu popote?"

"Mola ashukuriwe, mwanangu."

"Chakula wala?"

"Ala kidogo," baba akamjibia. "Ni uzee tu."

"Na damu? Yakutoka popote?"

Bibi akaangalia sakafu. Baba akakohoa, akaangalia dari.

"Andika mzima, turudi zetu," nikasema.

Muuguzi hakucheka. Alimtuma baba dirishani akaulizie faili, na mlango ulipofungwa akaweka kalamu chini.

"Bi mkubwa, huko kwenu una jirani wa rika lako?"

"Ninaye."

"Yeye asumbuliwa na nini?"

Bibi akajisogeza mbele kitini. "Maskini, jirani yangu atoka damu. Ya mwezi ilishakatika zamani, sasa hii imekuja na haikatiki. Na kiuno chamuuma, usiku halali."

"Tangu lini?"

"Tangu mumewe yu hai."

"Mbona hakusema?"

"Mumewe alikuwa kalala kitandani, hajigeuzi. Wagonjwa wawili nyumba moja, nani atamuuguza nani? Kisha akafiwa, akakaa eda. Eda ilipokwisha, akaona haya. Atamwambia nani, mwanawe wa kiume?"

Nikaanza kuwaza ni jirani gani huyo. Upande mmoja wa nyumba yetu ni msikiti. Upande wa pili ni gofu, wakaao humo ni popo. Nikakumbuka zile kanga Bibi alizokuwa akizifua mwenyewe na kuzianika chumbani, mlango kaufunga. Nilikuwa nikimtania kwamba anaficha nguo za harusi.

"Huyo jirani atakubali kupimwa?" muuguzi akauliza.

"Na nani?"

"Na mimi, mwanamke mwenzake."

"Basi atakubali."

Majibu yalipotoka, daktari alimwita baba kando, nami nikatega sikio. Saratani ya kizazi, imeshasambaa. Baba alirudi nyumbani akasema Bibi apumzike tu, atapata nafuu inshallah. Mama naye inshallah. Shangazi naye. Nyumba nzima ikawa na adabu ya kutisha.

Bibi akaniita chumbani. "Wewe huna adabu, ndiyo maana nakuuliza wewe. Niambie yeo, leo hii hii. Yule jirani, wamesemaje?"

Nilitafuta mzaha. Sikupata hata mmoja.

"Wamesema amechelewa, Bibi."

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyetajiwa jambo analolijua. "Ataumia sana?"

"Dawa ya maumivu wametoa. Lakini hawezi kupewa asiposema anaumwa."

Akavuta kanga, akajifunika.

Jana nilitoka shule nikapita chumbani kwake kama kawaida. Nikamuuliza hali. Midomo ikaanza kufanya ile alhamdulillah, kisha ikasita.

"Naumwa," akasema.

Nikaenda kuleta dawa.