Maji Yetu Yaliingia Shamba la Mjane

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nilimfukuza mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe!

Tunalima mpunga hapa Ahero, karibu na Kisumu, na maji ya mfereji huja kwa zamu. Shamba linalopakana na letu, upande wa chini, ni la Akinyi, mjane wa binamu ya mume wangu. Ni mrembo, siwezi kukataa. Wazee walikuwa wameanza kumwambia mume wangu amrithi, yaani amchukue awe mke wa pili, kama ilivyo desturi yetu Wajaluo. Tangu hapo hata wakisalimiana roho iliniuma.

Siku ya zamu yetu alitoka alfajiri kufungua maji, kazi ya nusu saa. Alirudi saa tano, matope hadi magotini. Alisema ameona taa tatu nyeupe angani, kimya kabisa, na alipopepesa macho jua lilikuwa limeshapanda. Hayo masaa yalienda wapi, hajui.

Nilikimbia shambani. Letu kavu! La Akinyi limejaa hadi kwenye kingo. Mkulima yeyote anajua mkondo usipozibwa maji hulipita shamba la juu na kuteremka la chini, lakini wivu ulinisahaulisha.

Nilisimama kwenye mkutano wa wakulima nikasema mume wangu anamhonga mjane kwa maji ya watoto wangu. Watu walicheka. Akinyi alilia, akarudi kwao.

Mume wangu aliniambia neno moja tu: "Mama Achieng', hata wewe?" Jioni alibeba begi akaenda Kisumu. Simu zangu hapokei.

Msimu uliofuata nilienda kufungua maji mwenyewe. Nikaziona. Tatu, nyeupe, bila sauti! Nilipogeuka jua lilikuwa utosini, jembe bado liko mkononi, na maji yote yameishia kwenye shamba la Akinyi.

Mama mkwe alikuwa ananingoja mlangoni.

"Umekuwa kwa nani mpaka saa hii?"

Nilimweleza kila kitu. Akanitazama vile nilivyomtazama mwanawe. Jamani, mtu ambaye angeniamini ni mmoja tu, na ndiye niliyemwaibisha!

Dada zangu, wivu ukiwashika, fungeni mlango muwaulize waume zenu mkiwa wawili tu, na mkae mpaka wamalize kusema. Mimi nilikimbilia mkutano. Sasa zamu ikifika namlipa jirani anifungulie maji, kwa sababu mimi naogopa kutazama juu.