Nusu ya Mwaka Ambayo Baba Hakuitaja

Harufu ya samaki wakavu ndiyo iliyotupokea. Ilikuwa Juni, nina miaka tisa, na mji ule mdogo wa wavuvi kaskazini kabisa mwa Norwei ulinuka samaki tangu bandarini hadi kwenye mablanketi. Baba alikuwa amefanya kazi kiwandani huko kwa miaka miwili kabla ya kutuita mimi na Mama kutoka Tabora. Katika barua zake alirudia jambo moja: huku jua halizami. Ilikuwa kweli. Saa sita ya usiku niliruka kamba nje, kivuli changu kimelala kirefu kwenye nyasi, na Mama, aliyezoea kupika giza likianza kuingia, hakujua aanze lini. Siku moja alitupikia chakula cha jioni mara mbili. "Baba Rehema, nchi gani hii isiyompa mtu nafasi ya kupumzika?" alisema, tukacheka wote watatu.

Mwishoni mwa Novemba jua lilizama, halikurudi. Adhuhuri ulionekana weupe hafifu kama wa alfajiri, kisha giza tena, wiki baada ya wiki. Kwao Mama nyumba haifagiwi jua likishazama. Alilelewa hivyo, nami akanilea hivyo. Kwa hiyo alisubiri kukuche ndipo afagie. Hakukucha. Makombo yalijaa chini ya meza, mchanga wa viatu ukatapakaa mlangoni, na Mama akaacha kunisuka nywele, kisha akaacha kuamka. Siku moja mchana, taa zote zikiwaka, nilichukua ufagio ili Baba asipate la kusema. Mama alininyang'anya. "Usiku wote huu, Rehema? Unataka kufukuza hata baraka kidogo iliyobaki?" Akaketi sakafuni, akalia.

Baba alirudi akatukuta hivyo. "Mama Rehema, umekuwa mwanamke wa namna gani? Wenzako wako kazini."

"Niambie tu jua linarudi lini."

"Fagia kwanza."

Baba hakumtajia tarehe, ingawa aliijua. Hayo yalikuwa majira yake ya tatu ya giza. Mwezi Januari, wiki moja kabla ya jua kuchungulia, alimkatia Mama tiketi ya kurudi Tabora. Mimi nilibakizwa kwa ajili ya shule. Aliwaandikia shangazi zangu kwamba mkewe ni mvivu na mchafu, na Mama ameishi na maneno hayo hadi leo.

Sasa naishi Lidcombe, hapa Sydney, ambako majira ya baridi hupunguza mchana kwa saa chache tu. Nahudumia wazee usiku na kulala mchana. Sikusoma chuo. Habari za mwili unaonyimwa mwanga nilizitafuta mwenyewe, kitabu baada ya kitabu cha maktaba, nikiandika daftarini. Mama alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wake una jina na una tiba, na watu wa kule hawakuwa wageni wa hali ile.

Julai hii Baba amekuja kunitembelea. Juzi, saa tisa mchana, aligonga mlango wa chumba changu. "Bado umelala? Kama mama yako vile."

Nilitoka, nikamketisha, nikamweleza nilichosoma, hatua kwa hatua, bila kupaza sauti.

"Nilisema jua halizami," akajitetea, "na halikuzama."

"Ulitaja nusu ya mwaka, Baba. Nusu nyingine uliijua, ukanyamaza ili tuje."

"Ya zamani hayo, mwanangu."

"Basi mpigie Mama umwambie kwamba ulijua."

Aliitazama simu niliyomnyooshea, asiishike. "Tabora sasa ni usiku," akasema. "Tusimsumbue."

"Hapana, Baba. Tabora ni saa mbili asubuhi. Jua limeshatoka."

Nikapiga mwenyewe, nikamwekea simu mkononi.