Kidonda Kilichokataa Kufunga

Watiri alikuwa ameolewa kijijini Wamagana kwa mwaka mmoja tu jiko la mama mkwe wake liliposhika moto. Wanaume walisimama uani wakipigiana kelele za maji. Yeye aliingia. Alimkuta Gladwell, mama mkwe wake, ameanguka kando ya mafiga, akamburuta hadi nje. Mlangoni, mti wa paa uliokuwa ukiwaka ulimwangukia mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Gladwell alipona na nywele zilizobabuka tu.

Kidonda cha Watiri kilifunga, kikapasuka, kikafunga tena. Baada ya miaka michache kilikataa kufunga kabisa, kikabaki kidogo, chenye maji na harufu. Gladwell ndiye aliyeisema kwanza.

"Watiri, wewe uwe unakula huko nje. Hiyo mguu yako inanikatisha chakula."

Theuri, mumewe, alikuwa hapo. Alisikia, akaendelea kumenya kiazi chake. Haukupita muda akaoa mwanamke mwingine huko Mwea, na Watiri akahamia Nyeri mjini na cherehani yake.

Alipata nafasi kwenye baraza la duka la vitambaa la Jayshree, mama wa Kihindi ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Roshni, kwa jina la binti yake. Hapo ndipo alipozeekea, akishona yunifomu za shule. Mguu wa kulia ulikanyaga cherehani. Wa kushoto ulinyooshwa kando, umefichwa na sketi ndefu. Kila asubuhi alikisafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Kila alipokwenda zahanati walimpa vidonge na bendeji.

"Ni kidonda ya moto tu, mama. Iko sawa."

Aliyekuwa zamu alibadilika, maneno hayakubadilika.

Halafu kingo za kidonda zikainuka, zikawa ngumu na zenye vinundu. Siku moja kilitoka damu hadi kwenye shati jeupe la mwanafunzi lililokuwa mapajani mwake. Jayshree aliliangalia lile shati, kisha akamwangalia yeye.

"Fundi, leo hushoni. Tunaenda hospitali." Alifunga duka, akampeleka yeye mwenyewe.

Daktari, msichana aliyeitwa Murugi, alikata kipande cha nyama kikapimwe. Majibu yalipotoka alivuta kiti karibu.

"Mama, ni saratani ya ngozi. Imeanzia kwa hicho kidonda."

"Lakini mimi nilikuwa nasafisha, daktari. Hata siku moja sikuwacha. Sasa imetoka wapi?"

"Kwa damu yako kuna chembe nyeupe, zile tunaziita askari wa mwili. Mtu akiungua zinakuja mbio. Zinaua vijidudu, zinakula nyama iliyokufa, halafu zinaambia ngozi imee na mishipa mipya ya damu ije. Kidonda ikipona, zinaenda. Kwako hazikuenda."

"Zilikuwa zinafanya nini miaka hiyo yote?"

"Kazi ile ile. Zinaambia ngozi imee, imee tu. Na zile kemikali zinatumia kuua vijidudu zikawa zinaharibu ngozi yako pole pole. Mwisho ikatokea chembe ya ngozi iliyoharibika, ikaendelea kumea bila kusimama. Saa hizi baadhi ya hao askari ndio wanailisha. Wanaijengea mishipa ya damu. Na wale wangeiua, wanazuiwa wasiifikie."

Watiri aliuangalia mguu wake.

"Kwa hivyo ni wangu wenyewe."

"Ni wako. Walikuwa wanajaribu kukuponya, mama."

Watiri akacheka, kicheko kifupi, kibaya. "Afadhali ungeniambia ni adui. Adui ningemwelewa." Kisha akauliza, "Ingeonekana mapema?"

Murugi aliangalia mikono yake. "Kidonda ikikataa kufunga, inafaa kukatwa kipande ipimwe. Ndiyo. Ingeonekana."

Mguu ulikatwa chini ya goti. Tezi za kinena, ambako saratani ingeweza kuenea, zilipimwa, zikapatikana safi. Watiri aliporudi mjini kwa magongo, alikuta muuza vifuniko vya simu amekaa pale barazani. Jayshree alishindwa kumtazama usoni.

"Ronak ndiye anaendesha duka sasa," alisema. Ronak alikuwa mwanawe.

Watiri akaipeleka cherehani kwenye chumba chake cha kupanga, akawa anapokea nguo za kushonewa zipu. Huko ndiko Peris, dada yake Theuri, alikomfuata.

"Mama hawezi kuamka kitandani. Ati anakutaka wewe. Anasema wewe ndio ulikuwa na mikono ya upole."

"Amewahi kusema nani alimtoa kwa moto?"

Peris alitazama sakafu. "Hiyo haongeangi."

"Mwambie nimekataa."

"Watiri, ni mzee. Na wewe hauko na mtoto, hauko na bwana. Unafanya nini hapa?"

"Nashona," alisema Watiri.

Peris alitoka akisema kwa sauti kwamba ugonjwa umemharibia roho, na majirani wakasikia.

Gladwell alizikwa mwezi wa Agosti. Watiri hakwenda. Siku hiyo alikuwa kliniki, amelala chali, Murugi akimpapasa kinena kutafuta uvimbe. Daktari hakuupata.

"Kwa sasa uko sawa, mama."

Watiri aligutuka aliposikia maneno hayo, yale yale ya zahanati. Akavaa, akachukua magongo, akatoka bila kusema asante.