Komunyo ya Mama wa Bellevue

Nilipoteuliwa kuwa mhudumu wa Komunyo katika parokia yetu hapa Johannesburg, mimi Mkenya, mlei, mama wa watoto wawili, mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja Mrundi aliyepanga chumba mtaa wa Bellevue. Alikuwa amepasuliwa koo. Uji mwepesi ulipita kwa shida. Hostia, ule mkate wa Komunyo, hata kipande kama ukucha, ilimkaba. Tangu operesheni hakuwa amekomunika, na hilo lilimuuma kuliko kidonda.

"Mwanangu, unaniletea Yesu, naishia kumtazama tu," aliniambia, sauti ikikwaruza.

Nikaenda kwa paroko. "Asiyeweza kumeza hostia hupewa divai peke yake," akasema. "Kristo yumo mzima, hata katika tone."

Mzee mmoja wa baraza la parokia alikunja uso. "Mlei abebe Damu ya Kristo barabarani? Ikimwagika je?"

"Nitampa chombo chenye kifuniko cha kukaza," paroko akamjibu. "Na ninamwamini."

Jumapili ile, baada ya misa, nilikikumbatia kile chombo ndani ya koti nikashika njia kwa miguu. Kwenye roboti, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, nilingoja ya kijani hata pasipokuwa na gari. Sijawahi kutembea kwa uangalifu namna ile, hata nilipokuwa na mimba.

Nilimkuta ameketi kitandani, amevaa kitenge kipya, mezani kitambaa cheupe na mshumaa. Tukasali. Nikachota kidogo kwa kijiko.

"Damu ya Kristo."

"Amina."

Akafumba macho. Koo likapanda, likashuka. Nikangoja kikohozi. Wapi!

"Imepita!" akasema. "Mwanangu, imepita!"

Akapiga kigelegele, kikavu, cha kukwaruza, lakini kigelegele. Mama Mkongo wa chumba cha pili akadhani kuna mtoto amezaliwa, akakipokea bila kuuliza, na korido nzima ikalipuka. Nami nikanywa tone lililobaki, kama nilivyofundishwa, nikasuuza chombo huku machozi yakinitiririka.

Habari zilimfikia yule mzee. Wiki iliyofuata alinisubiri nje ya kanisa, mlango wa gari lake wazi. "Twende," akasema. "Mgonjwa asingoje."

Siku ya Pasaka mama alikuja mwenyewe, kwa miguu yake. Alipanga foleni kama wengine, akafika mbele yangu, akaishika kalisi kwa mikono miwili na kunywa. "Amina" yake ilisikika mpaka kwa wanakwaya.