Gari la Baba Lililobaki Nalufenya

Baba alilikuta gari lile Nakaloke, nyuma ya kinu cha mahindi, akalivuta kwa kamba hadi kwetu Malukhu, hapa Mbale. Lilikuwa limemzidi umri. Kila Jumapili alilala chini yake na spana zake, na mdogo wangu alikaa kiti cha nyuma akipiga honi kwa mdomo. Tulikuwa mabinti wawili, hatukuwa na kaka. "Siku ya kuolewa mtatoka hapa kwa gari hili," Baba alituambia.

Mama alitangulia, Baba akamfuata. Arobaini ilipokwisha, baba mdogo, fundi wa magari huko Nalufenya, Jinja, alikuja akalifunga nyuma ya lori. "Niachieni mimi. Nitalimaliza kwa heshima ya kaka yangu."

Mimi niliacha shule nikauza chapati, mdogo wangu akasoma. Nilipopata cha ziada nilinunua kitu cha gari, kioo, kabureta, raba za milango, nikampa kondakta wa basi akipeleke Jinja. Nikipiga simu, jibu lilikuwa lilelile: "Imebaki kidogo tu, mwanangu." Miaka ikaenda hivyo. Mdogo wangu akamaliza chuo, akaposwa.

Wiki ya ndoa nilikwenda Nalufenya kulichukua. Gari lilikuwa juu ya matofali nyuma ya gereji, nyasi zimeingia hadi kiti cha dereva. Nikafungua boneti. Mlikuwa na galoni tupu na shati la mtu.

"Baba mdogo, injini iko wapi?"

"Iko kazini." Mafundi wakacheka. "Ulitaka ilale bure? Iko Iganga, inabeba mbao."

"Na kabureta niliyotuma?"

"Mteja alikwama, mwanangu. Gereji yoyote, gari isiyo na haraka ndiyo duka la spea."

Fundi mmoja akadakia kutoka chini ya pikapu, "Gari ya marehemu inatembea kutushinda sisi wote, dada!"

Neno "mwizi" lilinifika kwenye ulimi. Lakini nikahi ilikuwa Ijumaa, na kwetu binti asiye na baba wala kaka huozwa na baba mdogo. Aliyekula gari ndiye aliyeshika idhini. Akikataa kuja Mbale, mdogo wangu angeaibika mbele ya wakwe. Naye alilijua hilo. Alinitazama usoni bila wasiwasi, akifuta mikono kwa kitambaa.

"Utakuja Ijumaa?" nikauliza.

"Nisije vipi? Mimi ndiye baba."

"Basi karibu."

Alikuja na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Shehe alipompa nafasi, alimwozesha mdogo wangu kwa sauti nzuri, ileile ya Baba, hata wanawake wakalia. Bibi harusi akaondoka kwa teksi ya kukodi yenye maua ya plastiki. Hakuniuliza kitu, wala sikumweleza.

Nikarudi kwenye sufuria kupakua. Baba mdogo alikuwa amekaa mahali pa heshima, kati ya wakwe. Alikula akamaliza, akasukuma sahani kwangu kuomba nyama tena.

Nikamwongeza.